Kiu Isiyopewa Mji

Haya, sogeeni, nitegulieni hiki kabla chai haijapoa. Mtu ana ziwa mlangoni kwake, ziwa refu hata mwisho wake hajawahi kuuona. Asubuhi anakunywa, mchana anakunywa, jioni anakunywa, na kiu yake imekaa pale pale kama mgeni asiyeaga. Ni nani huyo?

Msikimbilie kunipa mji. Mnajua desturi yetu: ukishindwa kutegua, unampa mtegaji mji mmoja, anautawala kidogo kwa maneno, anajisifu, kisha anakwambia jibu. Lakini kitendawili hiki hakikuwahi kununuliwa kwa mji. Alikuwa nacho Mzee Elikana wa Ujiji, mkamuaji wa mawese, na watoto wake walimpa Kasulu akakataa, wakampa Uvinza akakataa, wakampa Tabora na reli yake yote, akasema Tabora ina vumbi. Siku moja mwanawe mkubwa, Oswald, akampa Bujumbura. Mzee akafikiri, akajikuna kidevu, akasema hapana, kule atahitaji pasi ya kusafiria. Watoto walicheka mpaka wakalala, na jibu wakalala bila.

Basi aliyebaki na kitendawili hicho kifuani ni binti yake, Yunisi.

Yunisi sasa ni bibi wa watu. Kazi yake ni kuanika dagaa mwaloni Kibirizi, pale maboti yanaposhusha, na ukifika pale jua likishapanda utamkuta kati ya vichanja, amejifunga vitenge viwili, anawageuza dagaa kwa kiganja taratibu kama anayempapasa mtoto mgongo. Miguuni pake halikosi dumu la maji. Akigeuza kichanja kimoja, anakunywa. Akifukuza kunguru, anakunywa.

"Mama Bariki," Eufrasia alimwambia asubuhi moja. Eufrasia ni jirani yake wa vichanja, tangu enzi dagaa wanaanikwa mchangani, na humwita kwa jina la kifungua mimba wake. "Umefuga samaki tumboni? Maji yote hayo yanaogelewa na nani?"

"Jua hili, mwenzangu."

"Jua ni letu sote. Mbona mimi sijamaliza hata kikombe?"

"Wewe umekauka siku nyingi, Eufrasia. Ukipita karibu na kichanja wanunuzi wanauliza bei."

Wanawake wakacheka, na habari ya dumu ikapita hivyo hivyo, kama zinavyopita habari nyingi pale mwaloni.

Siku hiyo hiyo ndipo akaja Happiness. Huyu ni mtoto wa Oswald, kwa hiyo Yunisi ni shangazi yake, tena shangazi aliyembeba mgongoni. Amesomea kidogo mambo ya afya na sasa ni mhudumu wa afya ya jamii, anazunguka na wenzake kwenye mialo kutafuta watu wenye kisukari ambao wenyewe hawajijui. Walifunga kitenge kati ya vichanja viwili kikawa pazia, wakaweka kiti cha plastiki, na mbele ya kiti wakaweka ndoo imejaa mise.

Mise ni zile kokwa ngumu za ndani ya chikichi, zinazobaki mawese yakishakamuliwa. Wanawake wakaziangalia, wakaangaliana.

"Happiness, umekuja kupima watu au kuuza mafuta?"

"Nimekuja kuhesabu, mama zangu. Mwakeye." Baada ya salamu hiyo ya Kiha akawaamkia wakubwa kwa shikamoo mmoja mmoja, maana kalelewa, kisha akainua kikombe cha plastiki. Katikati ya kikombe alikuwa amechora mstari kwa rangi ya kucha, mwekundu. "Dawa ya kupimia damu tuliyopewa ni chache na ninyi ni wengi. Kwa hiyo naanza na maswali. Kila jibu lenye hatari naweka mise. Mwingine linampa moja, mwingine mbili. Mise zikifika kwenye mstari, unakwenda kwa mwenzangu pale mezani anakutoboa kidole. Zisipofika, unarudi kwa dagaa wako, mwakani tunaonana."

"Na mtu akiwa na kiu ya kupita kiasi, au anakojoa usiku kucha," akaongeza, "huyo hahitaji mise. Aseme tu, anapimwa."

Yunisi alikuwa ameshika dumu. Akaliweka chini, nyuma ya mguu wa kichanja.

Wakaanza kuingia. Nyuma ya pazia kulisikika vicheko, maana kulikuwa na swali la kiuno, na kiuno kilipimwa kwa ile kamba ya fundi cherehani. Eufrasia alipoitwa alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Nipime vizuri, mwanangu, na gauni uje nalo." Akatoka na mise chache zinazogongana ndani ya kikombe, amenuna kama aliyenyimwa kitu.

Zamu ya Yunisi ikafika. Happiness akamfungulia vitenge kwa adabu, akakuta ndani kuna kitenge cha tatu.

"Shangazi, nikipima na hivi vyote nitakuandikia wewe ni wawili."

"Kimoja ni cha baridi ya asubuhi."

"Na hiki?"

"Hicho kimezoea."

Wakacheka wote wawili. Kiuno kikampa mise. Umri ukampa mise. Presha ikawa juu kidogo, ikampa nyingine. Kazi ya mwili haikumpa kitu, kwa kuwa anayebeba beseni za dagaa kutoka majini mpaka vichanjani hahitaji kuulizwa kama anafanya mazoezi. Happiness akainua kikombe kwenye mwanga. Mise zilikuwa zimekaa chini ya ule mstari mwekundu, karibu kuugusa.

"La mwisho," akasema. "Katika watu wa damu yako, baba, mama, kaka, dada, yupo aliyewahi kuwa na kisukari?"

Yunisi alikuwa ameokota mise moja iliyoanguka, anaizungusha vidoleni, na ile mise ilikuwa bado na harufu.

Nyinyi ambao hamjakulia kwenye mawese hamwezi kujua harufu hiyo inavyoweza kumchukua mtu. Ilimchukua Yunisi kutoka kwenye kiti cha plastiki ikamweka bondeni Luiche, chini ya michikichi, na yeye ni msichana mwembamba asiye na jino la mbele. Kuna moshi wa chikichi zinazochemshwa. Kuna pipa la kukamulia lenye mti mrefu wa kusukuma, na baba yake anazunguka nalo, kifua wazi, anaimba wimbo usio na maneno, na mafuta yanashuka mekundu kama jua la kuzama. Halafu baba anasimama. Hamwiti mtu. Ananyoosha mkono tu nyuma, bila kuangalia, na mkono huo unakuta kikombe cha bati chenye ua la buluu, kimejaa maji, kwa sababu Yunisi yupo hapo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Oswald alikuwa na kazi ya kuni na mama alikuwa na kazi ya kuuza, lakini kikombe cha baba hakikushikwa na mtu mwingine. Baba alikuwa akinywa mpaka mwisho, anashusha pumzi, anasema, "Maji ya mwanangu yana asali." Kisha kikombe kingine. Wakamuaji wenzake wakamwita Mtu wa Maji. Nyuma ya migomba, pale alipokuwa akienda kujisaidia, sisimizi walijipanga mstari mweusi, na watoto wakaufuata kama wanafuata gwaride. "Hata sisimizi wananipenda," baba alisema. "Mimi ni mtamu, hamjui?" Nao waliamini. Yunisi aliamini zaidi ya wote.

"Shangazi?"

"Andika sijui."

"Sijui haina mise."

"Basi andika hapana."

Happiness akaweka kikombe mapajani. "Baba naye nilimuuliza juzi. Akaniambia, kamuulize shangazi yako, yeye ndiye alikuwa mshika kikombe. Shangazi, babu Elikana alikuwa vipi?"

"Babu yako hakupimwa na mtu. Enzi hizo nani alikuwa anatobolewa vidole? Unataka nimpe marehemu ugonjwa ambao hakuna daktari aliyempa?"

"Wengi hapa hawakupimwa. Ndiyo maana nauliza na namna walivyoishi. Nasikia alikuwa anakunywa maji kupita wenzake. Nasikia alikonda hali anakula."

"Alikuwa anasukuma pipa."

"Na wenzake walikuwa wanasukuma nini?"

Yunisi akasimama, akaanza kufunga vitenge vyake, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu. "Happiness, usinichambulie baba yangu kama dagaa. Kiu ile ilikuwa yake. Alikuwa mtu wa kupenda maji, mtu wa kupenda kucheka, basi."

Happiness akasema polepole, akiangalia pembeni, "Kaa nikupime tu, shangazi. Wewe ni wangu."

"Wale walioambiwa warudi kwa dagaa si wa watu? Eufrasia yuko nje hapo anasikiliza. Sitaki kuingia kwa mlango wa nyuma."

"Sisikilizi," akasema Eufrasia kutoka nyuma ya pazia.

Yunisi akatoka. Happiness hakumwaga mise zake. Alikitenga kile kikombe pembeni, akakifunika kwa kitambaa, akamwambia, "Kesho asubuhi tupo hapa hapa kabla hatujahamia mwalo wa Katonga. Swali lako nimelibakiza."

Jioni ile Yunisi alikwenda nyumbani kwa miguu, na alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Hakumkasirikia Happiness; mtoto alifanya kazi yake. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amemhifadhi baba yake miaka yote hii kama mtu anavyohifadhi kanga ya arusi, hajaifua, hajaivaa, anaitoa sandukuni kuinusa na kuirudisha. Na leo mtoto wa juzi ameshika pindo anavuta. Akisema ndiyo, kile kikombe cha bati kitakuwa kitu gani? Yale maji ya asali yatakuwa nini? Atakuwa hakubeba kikombe cha mapenzi, atakuwa alibeba dalili. Ule mkono ulionyooshwa nyuma bila kuangalia, jambo zuri kuliko yote aliyoyapata utotoni, utawekwa kwenye kundi la mise na kuhesabiwa.

Akanywa maji. Akapika, akala kidogo, akanywa tena.

Asubuhi alipotoka kwenda kuoga alipita nyuma ya bafu la makuti, pale ambapo siku hizi alizoea kujisaidia haraka haraka kwa kuwa hawezi kufika chooni. Akasimama. Mstari mweusi ulikuwa umetoka kwenye tofali, ukakata mchanga, ukaenda moja kwa moja mpaka pale. Sisimizi walikuwa wanapishana kwa adabu, kila mmoja na safari yake, kama walivyokuwa wakipishana nyuma ya migomba kule Luiche.

Yunisi alichuchumaa akawatazama kwa muda mrefu. Na kama mlidhani alilia, hakulia. Alikumbuka.

Alikumbuka kitu ambacho kilikuwa mle mle sandukuni lakini chini kabisa, chini ya vicheko. Ni siku za mwisho za baba yake. Hasukumi pipa tena. Mkanda wake ametoboa matundu mapya kwa msumari wa moto, na bado suruali inashuka. Mama amemnunulia miwa, fungu zima, apate nguvu, na yeye anatafuna ili mama afurahi. Mchana ule wengine wote wapo shambani. Baba amelala kwenye mkeka ukumbini, macho yake hayaoni vizuri, na Yunisi ameketi na kikombe chenye ua la buluu.

"Yunisi," baba akasema. "Mtu ana ziwa mlangoni kwake. Anakunywa, anakunywa, na kiu ipo pale pale. Ni nani huyo?"

Yunisi akafurahi, akajua baba amepata nafuu, mchezo umerudi. Akampa Kasulu. Akampa Kibondo. Akampa Kigoma yenyewe, bandari na stesheni na yote. Baba hakusema Kigoma ina kelele, hakusema chochote cha kuchekesha. Alitikisa kichwa kwenye mto.

"Sitaki mji, mwanangu," akasema. "Nataka jibu."

Siku zote Yunisi aliyaweka maneno hayo pamoja na mizaha mingine, pamoja na vumbi la Tabora na pasi ya Bujumbura. Aliwasimulia wanawe kama kichekesho, akawasimulia wajukuu, nao wakacheka. Sasa, amechuchumaa mbele ya sisimizi, aliisikia sauti yenyewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na haikuwa na kicheko ndani yake. Baba hakuwa anawatega. Hakukataa miji yote ile kwa ujanja. Mtegaji huichukua miji kwa sababu jibu analo mfukoni. Elikana hakuwa nalo. Alikuwa mtu mzima aliyekuwa anakauka hali amekaa kando ya maji, hakuna wa kumweleza kwa nini, akawauliza watoto wake kwa njia pekee ambayo isingewatisha.

Aliwauliza kila jioni. Nao wakampa miji.

Yunisi akanyanyuka, magoti yakilalamika. Hakuoga. Alijifunga kitenge kimoja tu, akachukua njia ya mwaloni.

Kibirizi palikuwa pamechangamka, maboti yameshusha, wachukuzi wanapishana na beseni vichwani. Wenzake Happiness walikuwa wanafungua lile pazia wapakie kwenye bajaji. Kiti cha plastiki kilikuwa kimeshapinduliwa juu ya ndoo ya mise. Eufrasia alikuwa kwenye vichanja vyake na, bila kuambiwa, alikuwa amegeuza na dagaa wa Yunisi pia.

"Nilijua utakuja," akasema Eufrasia. "Nimewachelewesha hawa. Nimewauliza maswali mpaka wamenichoka."

"Uliuliza nini?"

"Kama mise wanazirudisha au zinaliwa."

Yunisi akakigeuza kiti, akakaa, hapo hapo mbele za watu, pazia halipo. Happiness akaja, akapiga goti moja mchangani kama anavyosalimu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kikombe changu kiko wapi?"

Happiness akakitoa kwenye mkoba, akafunua kitambaa. Mise zilikuwa vile vile chini ya mstari.

"Kabla hujauliza," Yunisi akasema, "jana niliweka dumu nyuma ya kichanja ulipozungumza habari ya kiu. Kwa hiyo na hilo ulijue. Lakini nataka uniulize lile swali. Uniulize kama jana, sawasawa."

"Ukishaniambia habari ya kiu sihitaji mise, shangazi. Twende tu mezani."

"Nitakwenda. Uliza kwanza. Liliulizwa zamani kabla yako, na aliyeliuliza hakujibiwa."

Happiness alimwangalia. Hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba haraka haikutakiwa. Mwenzake mmoja akapiga honi ya bajaji mara moja, Eufrasia akamtazama, hakupiga tena. Happiness akachukua mise kutoka kwenye ndoo, akaishika juu ya kikombe.

"Katika watu wa damu yako," akasema, "baba, mama, kaka, dada, yupo aliyewahi kuwa na kisukari?"

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, una ubaridi na harufu ya dagaa wabichi, na chini yake, kutoka kwenye ile mise moja, ilikuja harufu ya mawese. Yunisi aliuona mkono umenyooshwa nyuma bila kuangalia. Haukuwa umebadilika. Haukuwa umepungua uzuri. Ulikuwa unasubiri tu kupewa kitu, na safari hii haukusubiri maji.

"Yupo," akasema. "Ni Elikana, baba yangu. Jibu la kitendawili chake ni yeye mwenyewe."